Mvua Ikipita Huku, Iko Mlimani

Kwa Zuhura, binti yangu.

Salamu nyingi za baba yako, aliye nyumba moja nawe na bado amechagua kalamu. Umetoka baada ya adhuhuri kwenda kuaga majirani, na ninavyowajua wanawake wa mtaa huu hawatakuachilia mpaka magharibi. Muda huo unanitosha. Nimekaa barazani, karatasi nimeiweka juu ya kibao chako cha zamani cha chuoni, na nimeapa sitainuka kabla sijamaliza.

Kesho asubuhi unakwenda Matombo kwa bibi yako mzaa mama. Sitakuandikia namna ya kufunga mzigo, wala nani umwamkie kwanza ukifika. Tangu mama yako afariki, miaka mitatu sasa, wewe ndiye uliyeishika nyumba hii. Mimi nina lipi la kukufundisha hapo? Nitakuandikia mambo mawili tu: mvua ya upande ule wa mlima, na kifo cha mjomba wako Kibwana. Utaona mwenyewe kwamba ni jambo moja.

Juma zima nimejaribu kusema kwa mdomo. Jumatatu ulikuwa unatwanga, nikaja nikasimama karibu na kinu. Ukaniuliza, "Baba, unataka maji?" Nikasema ndiyo. Nikanywa maji nisiyoyataka, nikarudi barazani. Jumatano hivyo hivyo. Jana nilifika mpaka kwenye jina lake. Nikasema, "Mjomba wako Kibwana..." Ukainua uso, nikamalizia, "...alikuwa anapenda sana mihogo ya kuchoma." Ukacheka. Kwa hiyo leo naandika.

Kwanza ujue kwamba naridhia safari yako kwa moyo wote. Watu wa hapa mjini wamenijia wakasema, "Athumani, utampelekaje binti wa pekee mlimani, naye amezoea mji na reli imefika?" Nimewajibu kwamba wewe si wangu peke yangu. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake, na shamba la bibi yako halina mtu mwingine wa kulishika. Bibi yako mgongo umempinda. Na Wadachi wanapita na minyororo yao ya kupimia ardhi. Shamba lisilolimwa wanaliandika kuwa halina mwenyewe, wanapiga vigingi. Masika haya lazima pawe na jembe pale. Jembe hilo ni lako. Lingekuwa la Kibwana, na hapo ndipo ninapoanza.

Wakati huo ulikuwa na miaka sita au saba. Gari la moshi lilikuwa bado halijafika Morogoro. Nilifanya kazi kwa Mdachi mmoja mwenye shamba la kahawa hapo chini ya mlima, ambaye watu walimwita Bwana Mawingu kwa sababu kila asubuhi alitoka nje akatazama juu kabla hajamtazama mtu. Ujanani alikuwa baharia kwenye bahari za kwao, zenye baridi, na huko alijifunza kuogopa upepo unaogeuka ghafla. Alinipa kazi ya kusoma vyombo vyake. Kulikuwa na kipimajoto. Kulikuwa na mtungi wa bati wa kupokea mvua, na kijiti chenye alama cha kupimia maji yake. Na ukutani kulikuwa na chombo chenye mshale kama saa, kinachoonyesha uzito wa hewa. Sisi tulikiita saa ya hewa. Mara tatu kwa siku nilisoma, nikaandika daftarini. Hakuna mtu mwingine mweusi aliyeruhusiwa kuligusa daftari lile, na jambo hilo lilinipanda kichwani kama tembo la mnazi.

Siku moja Bwana Mawingu alinionyesha kitu ambacho mpaka leo naona ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuonyeshwa. Alikuwa ametengeneza sanduku refu la bati, ubavu mmoja ametia kioo cha dirisha. Katikati aliweka ubao wa kuligawa. Upande mmoja akamimina maji ya moto kidogo. Upande wa pili akamimina maji ya mto wa mlimani, baridi ya kuuma meno, akayatia nili yakawa ya buluu. Kisha akaniambia, "Athumani, vuta ubao."

Nikavuta. Mimi nilidhani yatachanganyika mara moja, kama maziwa na chai. Hayakuchanganyika. Yale ya buluu yalijilaza chini, yakatambaa kama nyoka chini ya mkeka, na mbele yake yalikuwa na kichwa kinene kinachojikunja. Yale ya moto yakasukumwa juu, yakapanda mgongoni mwake.

Akasema, "Hewa ni hivyo hivyo. Hewa ya baridi ni nzito. Ikikutana na hewa ya joto haigombani nayo uso kwa uso, huingia chini yake na kuinyanyua. Ile ya joto ikinyanyuliwa hupoa, na ikipoa hutoa mvuke wake. Hapo ndipo wingu linapozaliwa. Pale zinapokutana pana mpaka, na mpaka huo hutembea. Ukikupitia, kwanza upepo hugeuka, halafu baridi, halafu mvua, halafu uwazi."

Nikamwuliza, "Na ukishapita?"

Akasema, "Ukishapita, umepita."

Yeye alikuwa anasema habari za bahari, Zuhura. Bahari ni tambarare. Mimi nililichukua neno lile nikapanda nalo Uluguru.

Mwishoni mwa kaskazi, Bwana Mawingu alitaka kujua kama ni kweli upande wa Matombo hupata mvua nyingi kuliko huku kwetu, na ni nyingi kiasi gani. Akatengeneza mtungi wa pili wa mvua, akaupakia kwenye sanduku la mbao pamoja na kijiti chake, akanituma niupeleke nikausimike kwa wakwe zangu, masika yasije yakaanza kabla. Sanduku lilitaka mtu wa kulibeba. Nikamwomba Kibwana, ndugu wa pekee wa mama yako, ambaye alikuwa huku kututembelea na alikuwa anarudi kwao.

Humkumbuki vizuri. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mtu wa maneno machache asiyependa kubishana. Wewe alikuwa anakuita "bibi yangu", kwa sababu alisema siku moja utalishika shamba la ukoo na yeye atakuja kukuomba ruhusa ya kulima. Ukawa unamtuma maji, naye anakwenda.

Tulilala Kiroka siku ya kwanza, ya pili tukalala Mkuyuni. Siku ya tatu ilipambazuka nzito. Kaskazi ilikuwa imekufa kabisa. Moshi wa majikoni ulipanda wima kama nguzo, na joto lilikuwa la kukaa shingoni. Mchana tukiwa njiani, nikaona kusini mstari mweusi, chini chini, kutoka upande mpaka upande, na mbele yake wingu limejiviringa kama mkeka uliokunjwa. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikamwambia Kibwana, "Tazama! Hicho ndicho kichwa cha maji ya buluu!"

Akasema, "Maji gani, shemeji?"

Hata sikumjibu. Upepo uligeuka kama mtu aliyeitwa nyuma. Majani ya migomba yalipinduka, vumbi likainuka, na baridi ikatupiga usoni tukiwa bado tunatoka jasho. Tuliingia kwenye kibanda cha kulindia ndege shambani. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, ya kuhesabika. Kisha ikashuka mvua ambayo hatukuona hata mti wa jirani. Ikanyesha kama muda wa kupika ugali na mboga yake, ikapungua, ikakatika. Jua likatoka. Hewa ilikuwa safi, ya baridi tamu. Kila kitu kilikuwa kimetokea kwa mpangilio ule ule alionitajia Bwana Mawingu, hatua kwa hatua, na mimi nilikuwa nimesimama pale najiona nimepewa ufunguo wa mbingu.

Tulifika mto Ruvu alasiri. Kivuko kilikuwa kile wanachovukia watu wote, cha mawe, na maji yalikuwa ya mapajani. Yalikuwa yamepata wekundu kidogo tu. Ng'ambo tungeweza kuona moshi wa nyumba.

Kibwana alitua sanduku chini. Hakuutazama mto. Aligeuka akautazama mlima. Mlima ulikuwa haupo. Kuanzia nusu yake kwenda juu ulikuwa wingu tupu, jeusi, limesimama.

Akasema, "Shemeji, tulale huku. Tutavuka kesho."

Nikamwambia, "Kwa nini? Mvua imeshapita."

"Imepita huku. Kule juu bado."

Nikaanza kumsomesha. Nilimweleza sanduku la bati, nili, ubao, maji ya moto na ya baridi. Nilimwambia baridi imeshaingia chini, joto limeshanyanyuliwa, upepo umeshageuka, kwa hiyo mpaka umetupita na kilicho nyuma yake ni uwazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Halafu akasema, "Mimi maneno hayo siyajui. Najua mto huu. Mlima ukijifunika hivyo, mto hunywa kwanza halafu hutapika."

Angekuwa mtu mwingine pengine ningemsikia. Lakini alikuwa Kibwana, asiyejua hata alifu, na mimi nilikuwa mtu wa daftari. Nikamwambia maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Mwanamume mzima unaogopa kulowa kama mbuzi. Basi nipe mimi sanduku, nikawaambie dada zako wa ukoo kwamba nilikuacha ng'ambo unatetemeka."

Hakukasirika. Ni afadhali angekasirika. Alitabasamu kidogo kama mtu aliyeona aibu kwa ajili yangu, akajitwika sanduku, akachukua fimbo yake ndefu ya kupimia kina, akaingia majini mbele yangu.

Mimi nilikuwa bado navua viatu. Viatu nilipewa na Bwana Mawingu, navyo sikutaka vilowe.

Alipofika katikati niliisikia kwanza kama ngoma ya mbali, halafu kama mawe yanayosagana. Nikainua macho. Mto ulikuwa unakuja juu ya mto. Mbele kulikuwa na vijiti, majani na povu la kahawia, na nyuma yake maji mekundu yenye kimo cha mtoto, na magogo yanaviringika ndani yake. Jua lilikuwa linawaka juu yetu. Mbingu juu ya vichwa vyetu ilikuwa buluu, mwanangu.

Kibwana naye alisikia. Akayumba. Fimbo ilikuwa mkono wa kulia, na sanduku likaanza kuteleza kichwani. Mimi nikapiga kelele.

Hapa ndipo nilipokwama kwa miaka kumi. Bibi yako niliwahi kumwambia kwamba nilipiga kelele, "Rudi!" Mama yako nilimwambia hivyo hivyo. Si kweli. Nilipiga kelele, "Sanduku!"

Neno hilo tu. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii aliyezoea kubeba amana za watu, aliiachia fimbo akalishika sanduku kwa mikono miwili. Maji yakamchukua hivyo hivyo, amelikumbatia.

Nilikimbia ukingoni nikimwita mpaka sauti ikanikauka. Watu wa ng'ambo walikimbia upande wao. Tulimpata kesho yake asubuhi kwenye kona ya mto, chini sana. Sanduku halikuonekana tena.

Niliwaambia watu kwamba Kibwana alikuwa na hamu ya kufika kwao, akanitangulia mtoni, nikamkataza, asinisikie. Niliyasema hayo mbele ya maiti yake. Bibi yako alilia, akasema, "Tangu utotoni alikuwa mkaidi." Na Kibwana hakuwahi kuwa mkaidi hata siku moja. Nilimwua, kisha nikamchafulia jina mbele ya mama yake. La pili ndilo lililonizuia usingizi zaidi, kwa sababu la kwanza lilitoka kinywani kwa mshtuko, la pili nililitengeneza.

Niliporudi, Bwana Mawingu aliniuliza habari za mtungi. Nikamwambia mto umeuchukua, na mtu pia. Akasikitika kweli, akatikisa kichwa. Halafu akafungua daftari akanionyesha siku ile ilivyokuwa huku Morogoro: manyunyu machache tu, jioni shwari. Vyombo vyake havikuwa vimeona chochote.

Siku nyingi baadaye nilimwomba tulitoe tena lile sanduku la bati. Nikamwuliza, "Bwana, tukiweka jiwe ndani?" Akapenda swali hilo. Tukaweka jiwe kubwa upande mmoja, refu karibu kufika juu. Nikavuta ubao. Maji ya buluu yakaja yakitambaa kama zamani, kichwa mbele. Yalipofika kwenye jiwe hayakupita. Yalijilundika. Yale ya moto yaliyokuwa kati yake na jiwe yalibanwa, hayana pa kwenda ila juu, yakaendelea kupanda na kupanda pale pale. Kwingine kote sanduku lilikuwa limeshatulia. Kwenye jiwe ilikuwa bado.

Bwana Mawingu akapiga makofi, akasema, "Athumani, umeufahamu mlima wako!" Nikaomba ruhusa nikatoka nje. Alidhani nimetoka kwa haja.

Sanduku la bati mara ya kwanza halikuwa na mlima ndani yake. Hilo ndilo kosa langu lote la elimu, na Kibwana aliniambia kwa maneno manane. Lakini usije ukadhani kosa langu lilikuwa la elimu. Ningekuwa nimekosea hesabu ya mawingu peke yake, angelala huku tukacheka kesho yake. Kilichomwingiza majini ni dharau yangu.

Tangu hapo nimeutazama mlima huu kila siku. Bwana Mawingu alikwisha rudi kwao, vyombo aliondoka navyo, nami nikaendelea na kopo na kijiti nilichokitia alama kwa kisu. Wewe umekua ukiniona natoka alfajiri kutazama Uluguru, ukadhani ni mazoea ya kazi. Sasa unajua. Na kwa kuwa unakwenda kulima upande ule, nakupa nilichokipata. Kimenigharimu kuliko kitu chochote.

Sisi tuko nyuma ya mlima. Upepo wa kusi hutoka baharini umebeba unyevu, hufika Matombo na Kinole kwanza, hulazimika kupanda, hupoa, na huacha maji yake kule. Unapotushukia huku umekwisha kamuliwa. Ndiyo maana miezi ambayo sisi tunakula vumbi na majani yanakauka mpaka Kingolwira, wao wanaamka na manyunyu na baridi. Usije ukamwandikia mtu wa huku kumwuliza lini kupanda. Jua letu halitawali kule.

Kaskazi na kusi ni kama wakwe wawili wasiotaka kukaa baraza moja. Jua likielekea kusini, kaskazi huingia. Likirudi, kusi husukuma kutoka chini. Katikati yao pana mahali ambapo hakuna mwenye nguvu, upepo huzunguka zunguka, mchana huwa na joto la kukaba, na hewa kwa kukosa pa kwenda hupanda. Mahali hapo husafiri pakifuata jua. Pakitukuta kwa kurudi ndipo tunaita masika, na vuli ni pale panapotupitia kwa kwenda kusini. Kwa hiyo usihesabu mvua, tazama upepo. Mvua moja kubwa iliyokuja na kishindo, na kesho yake kaskazi ikavuma kama kawaida, hiyo ni mpita njia. Mwaka wa njaa watu wengi walimwaga mbegu zao zote kwa mvua ya namna hiyo, nikiwemo mimi. Ikaota kijani kizuri, ikaungua kabla ya kufika magotini. Ngoja kusi ishike siku tatu au nne mfululizo, na ardhi iwe baridi hata asubuhi jua linapotoka. Hapo panda, na upande kwa kasi.

Kuna baridi nyingine pia, ya katikati ya kusi, inayokuja ghafla mlima ukawa wa kijivu siku mbili tatu bila radi. Bwana Mawingu alinieleza kwamba huko mbali kabisa kusini mwa nchi hizi, baridi kubwa hutoka baharini kama jeshi na kuingia chini ya joto, na radi na dhoruba zake hubaki huko huko. Kwetu hufika pumzi yake tu, imechoka. Hiyo haiharibu kitu, ila huozesha maharage yaliyoiva. Ukiiona inakuja, vuna.

Na watu wa kule wana majina yao ya mambo haya yote. Jifunze majina yao kabla ya yangu. Mimi nilikwenda na yangu peke yake.

Sasa lile la mwisho.

Mwezi uliopita nilikuaga nikasema nakwenda Kiroka kutafuta mbegu. Sikwenda Kiroka. Nilivuka mpaka Matombo. Bibi yako alikuwa ameshaleta salamu kwamba anakutaka, nami nikaona siwezi kukupeleka ukalale katika nyumba ya Kibwana, ukale kwenye sahani zake, huku wewe na bibi yako mnaamini uongo mmoja uliotoka kwangu.

Nilifika asubuhi. Kwa heshima ya ukwe nilikaa nje, nimeegemea ukuta, yeye ndani, mlango umerudishwa nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zuhura yu mzima?"

"Mzima. Mama, nimekuja kwa habari ya Kibwana."

Nikasema yote. Mbuzi, viatu, sanduku. Sikuacha hata neno moja, kwa sababu nilikuwa nimeyakariri njia nzima. Nilipomaliza sikusikia kulia. Nilisikia tu ungo ukipepetwa, polepole, mpaka ukasimama.

Akaniuliza, "Alikuambia mto utatapika?"

"Aliniambia."

"Kwa hiyo hakuwa mkaidi."

"Hakuwa, mama. Mkaidi nilikuwa mimi."

Ungo ukaanza tena kupepetwa. Jua lilitoka begani likafika kichwani. Kisha akasema, "Miaka kumi nimekwenda kaburini kwake namgombeza. Kila nikienda, namwambia, ungemsikia shemeji yako. Leo itabidi niende nikamwombe radhi mwanangu. Wewe umenifanyia hivyo."



Alipotoka alipita karibu nami, amekunja kanga kichwani, hakunitazama. Akakaa kule makaburini mpaka alasiri. Aliporudi alisimama mlangoni akanipa mgongo, akasema, "Zuhura hana kosa. Shamba ni lake. Lakini asije hapa akiwa hajui. Nitajua nikimwona usoni. Akijua, na bado akataka kuja, nyumba ni yake. Na wewe hutavuka Ruvu tena mpaka nikuite."

Nikamwambia nimesikia. Niliondoka bila kula.

Kwa hiyo kesho sitakupeleka mpaka Matombo kama ulivyodhani. Utakwenda na wafanyabiashara wa chumvi, watu wazima na wake zao, nimewachagua mwenyewe. Nitakusindikiza mpaka kwenye ukingo wa huku, hapo nitasimama. Sijui kama bibi yako ataniita, na simwombi. Sikukwenda kwake kununua msamaha, wala barua hii siiandiki kwa ajili hiyo. Unayo haki ya kunichukia. Unayo haki pia ya kutonichukia. Hilo ni lako, nami sitaligusa.

Nilichoazimia ni kimoja. Ukoo ule ulipoteza mtu kwa ulimi wangu, na sitaki upoteze na ardhi. Nenda ukalime. Wakija watu wa minyororo, wakukute umeinama juu ya jembe, na mimea iko mstarini. Wakikuuliza shamba la nani, wajibu kwa sauti kubwa. Na watu wakimtaja Kibwana kuwa alikuwa mkaidi, maana maneno yangu yameenea mpaka mabondeni, wakatize. Waambie alivyokuwa. Waambie nani aliyewadanganya, kwa jina.

Nakusikia kwenye njia, unacheka na binti wa jirani. Hapo awali nilikusudia kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika mbali nami. Nimebadili. Nitakupa mkononi sasa hivi, kungali na mwanga, nami nitakaa hapa hapa mbele yako, bila kuinuka wala kutazama pembeni, mpaka uimalize.

Ni mimi baba yako,
Athumani.